Meno Niliyomchagulia Mama

Nakumbuka, mwanangu, siku niliyomtoa mama Ngomeni nikampeleka kwa daktari wa meno Malindi mjini. Nilikuwa na nguvu zangu bado, mnyapara kwenye mashamba ya chumvi Marereni, na kiburi cha kijana anayeona kila jambo lina jibu na jibu analo yeye. Mama alikuwa amebakiwa na meno machache, tena yanacheza. Alipenda watu, alipenda sinia lililozungukwa, na mimi sikutaka kumwona akimung'unya pembeni.

Daktari alikuwa binti wa kutoka bara, mpole, hana haraka na mtu. Alitueleza kwamba njia ni mbili, na zote huanza kwa kupachika vishikizo vya chuma ndani ya mfupa wa taya. Kwa njia ya kwanza, safu nzima ya meno hufungwa kwa skrubu juu ya vishikizo hivyo, haitoki mpaka daktari aifungue. Kwa ya pili, safu hubanwa tu, na mwenyewe huivua akaiosha, kisha akairudisha. Ile ya kufungwa hutulia zaidi kinywani, akasema, lakini chini yake lazima pasafishwe kila siku kwa uzi na kiburashi chembamba, na kazi hiyo inataka vidole vyepesi.

Mama akavitazama vidole vyake. Umri wake wote alisuka ukili wa mikeka, na sasa vilikuwa vimepinda, hata kifungo cha nguo kilimshinda. Akasema, "Mwanangu, hayo ya kuvua yanitosha. Msijitaabishe."

Sasa sikiliza nilivyokosea, maana kosa lenyewe ni la watu wa kwetu. Wewe wazijua adabu za pwani. Mgeni ukimkaribisha chakula atasema ameshiba, na huku tumbo lake unalisikia likinguruma; kazi yako ni kumshikilia mpaka akubali. Mzazi naye ukimpa kitu kizuri atakwambia kidogo chatosha. Basi neno la mama nikalichukulia hivyo hivyo. Nikamwambia daktari, "Mama anaona haya tu. Mfungie yasiyotoka." Na kusema kweli kulikuwa na jingine: niliona aibu mimi, mamangu awe na meno ya kulala kwenye bilauri.

Daktari akauliza nani atamsafishia. Nikajibu upesi kwamba nyumbani tuko wengi. Akamgeukia mama, akamwuliza yeye mwenyewe anasemaje. Mama akajibu, "Mwanangu ndiye ajuaye." Nami nikaihesabu hiyo kuwa ndiyo.

Yalimpendeza, sikufichi. Alikula pweza wa nazi, akacheka mbele za watu bila kujiziba kwa leso. Lakini uzi ule vidole vyake havikuuweza. Mke wangu alipotaka kumsaidia, mama alifumba kinywa. Mwanamke aliyejistahi maisha yake yote hakuweza kumfunulia mkwewe kinywa kama mtoto mchanga. Nami nilikuwa Marereni, nikija nyumbani naulizia hali tu, naye akinijibu, "Mzima, alhamdulillahi." Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini siwezi kumbebesha mama methali hiyo. Alikwisha kusema mapema, mbele ya daktari, na sikumsikiza.

Tulipomrudisha kwa daktari, fizi zilikuwa zatoa usaha na vishikizo vimelegea. Ikabidi ving'olewe. Nikamsihi daktari, basi sasa mpe yale ya kuvua. Binti wa watu akainamisha kichwa, akanieleza kwamba mfupa umelika, hauna tena pa kushikilia kitu. Yakajaribiwa meno ya kuweka juu ya fizi tu. Yakawa yateleza na kumchubua, akayaacha.

Njiani kurudi mama hakunigombeza. Alisema tu, "Nilikwambia yanitosha, baba. Ukadhani nafanya adabu."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia, lakini guu lililovunjika halikuwa langu. Tangu siku ile mama alikunywa uji chumbani peke yake, mlango umerudishwa, na sisi ukumbini tumezunguka sinia. Ilikuwa hivyo mpaka Mungu alipomchukua. Naumia mpaka leo, mwanangu, na majuto haya sina wa kumgawia.

Siku hizi nakuona na simu yako ukimwonyesha babako, jirani yangu, picha za meno meupe. Ni jambo jema, usiliache. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Usitazame lipi linang'aa. Uliza litasafishwa na mikono gani, na mikono hiyo itakuwaje uzee ukizidi. Daktari akimwuliza mzazi wako, wewe nyamaza. Kisha kaa naye faraghani, umwulize tena na tena kwa upole, mpaka adabu imwishie na yabaki maneno yake mwenyewe. Akikwambia kile kidogo ndicho atakacho, mpe hicho, hata kama majirani watakuona bahili.

Mungu akuwekee wazazi wako, awape afya ya vinywa na ya nyoyo, na akujaalie kula nao pamoja mpaka siku yao ya mwisho. Amina.