Mbegu za Chini ya Gunia

Tangu saa tano za usiku Kalekye alikuwa kwenye benchi la zahanati, shuka begani, macho kwenye mwanga uliopita chini ya mlango wa chumba cha rekodi. Ndani alikuwamo binti yake Kamanthe. Hakuna aliyemwita Kalekye. Alikuja kwa kuwa msichana hakeshi peke yake katika jengo tupu, hata hapa Katangi, na kwa kuwa kitandani asingepata usingizi.

Alichokingoja alikijua. Rekodi za wagonjwa wa zahanati nne za kanisa, za miaka minane, zilikaa kwenye seva moja ya kukodi iliyokuwa mbali sana. Mashine isiyo na chuma chake, inayoishi ndani ya mashine kubwa ya kampuni. Tangu mwanzo iliendeshwa kwa mtindo wa zamani: ilijijua kuwa mpangaji, na kila ilichohitaji ilimwomba mwenye nyumba. Sasa kampuni ilikuwa inaufunga mtindo huo. Seva zote zihamie mtindo mpya, ambamo kila moja hujiona ina kompyuta nzima peke yake. Kamanthe alimweleza hayo jikoni akimenya viazi, na Kalekye, ambaye shule yake iliishia darasa la tano, alishika jambo moja: ikihama vibaya, haiamki.

Isipoamka kufikia saa moja asubuhi, muuguzi mkuu, Bi Mwongeli, angewarudisha wagonjwa nyumbani, na kamati ya zahanati ingempa kazi tena Jeff, fundi wa zamani kutoka Syokimau. Jeff alikuwa amesema mkutanoni, mbele ya kina mama wote, "Hiyo seva ni mzee. Huyu mtoto wa hapa ataiua."

Mtoto wa hapa! Mtoto huyu alikuwa akirudi kutoka chuo cha ufundi Machakos kila Ijumaa na nguo za kufua na daftari, na kila kitu alikiandika, hata saa ambayo mbuzi alizaa. Wiki iliyopita alitengeneza nakala ya seva akaihamisha kwanza ile nakala, ikaamka bila shida. Kalekye aliridhika aliposikia. Yeye mwenyewe hapandi mahindi kabla ya kufunga mbegu kumi kwenye kitambaa chenye maji aone kama zitaota.

Saa tisa kiti kilisukumwa ndani.

"Mwaitu, uko?" Kamanthe alimwita mama yake kwa Kikamba.

"Niko. Imeamka?"

"Imekataa. Inafika katikati inasimama. Kuna diski inaitafuta kwa jina la zamani, na kwa huu mtindo mpya majina yamebadilika. Nilibadilisha ya diski ya kwanza. Lakini kumbe kuna ingine, na nakala yangu ilichukua ya kwanza peke yake." Daftari likafunuliwa. "Mwaitu, nimepima za juu ya gunia."

Kalekye alielewa. Kamanthe alikuwa na miaka tisa mwaka ule ambao mbegu kumi ziliota zote na shamba likatoka mapengo matupu. Za chini ya gunia zilikuwa zimeliwa na fukusi. Mtoto alisimama kati ya mistari akauliza, "Mbona hukuchukua na za chini?" Kalekye alimfukuza akachote maji. Tangu siku hiyo humwaga gunia lote kwanza.

"Basi limwage," alisema sasa, mdomo karibu na mlango.

Saa kumi na moja akasikia simu ikiita ndani, spika imefunguliwa. Kalekye mwenyewe asingempigia Jeff hata nyumba ikiwaka moto.

"Niaje, Kamanthe. Imekufa, sivyo?"

"Habari ya asubuhi, Jeff. Haijakufa. Uliiongezea diski ya pili?"

Kicheko. "Si nilisema mtoto wa hapa..."

"Cheka, ukimaliza unijibu. Uliongeza?"

Kicheko kikakatika. "Niliongeza. Tulipiga picha zile kadi za zamani za wagonjwa, nafasi ikaisha. Sikuandika mahali popote."

"Asante. Mimi naandika."

Kalekye alijifunika mdomo kwa shuka asisikike akicheka.

Kukapambazuka. Wagonjwa wakaanza kufika, wa kwanza Mzee Ndunda na fimbo yake.

"Mama Kamanthe, uko na ugonjwa gani?"

"Siumwi, mzee."

"Basi toka kwa laini! Na hiyo kompyuta ya mtoto wako ikikataa, mimi nitakunywa dawa gani? Nimesahau kama ni nyeupe ama ni nyekundu."

"Kwani macho ni ya nini?"

"Ya kuangalia watu wanaokaa benchi bila ugonjwa."

Watu wakacheka. Kalekye hakucheka. Bi Mwongeli aliingia saa moja kasoro dakika kumi, akatazama saa ya ukutani, kisha akagonga. "Kamanthe, niwaambie nini hawa watu?"

"Dakika tano, sista. Kila diski iko na namba yake ndefu, na hiyo haibadiliki hata ikihama. Nimeiandikia namba badala ya jina. Sasa inawaka."

Bi Mwongeli alisimama pale na funguo za dirisha la dawa mkononi. Kalekye aliutazama mshale wa saa ukitembea. Alitamani kusukuma mlango, amwekee mtoto mkono mgongoni. Hakusukuma. Ile kazi haikuwa yake.

Komeo likalia. Mlango ukafunguka, na Kamanthe akasimama mlangoni, macho mekundu, daftari kwapani.

"Ni nyeupe, Mzee Ndunda," alisema. "Moja asubuhi, moja jioni. Nani wa kwanza?"

Kalekye, asiyeumwa popote, alikuwa ameshasimama.