Cherehani ya Mama na Betri Iliyopakwa Rangi

Nianze na cherehani, maana hiyo ndiyo niliyoibiwa. Mengine yote yamefuata.

Ilikuwa ya mama yangu. Mwaka wa sabini na tisa, watu wa Koboko walipokimbia vita na kuvuka mpaka kuingia Sudan, kila mtu alibeba alichoona ndicho uhai wake. Baba alipanda juu ya nyumba akang'oa mabati. Mama alijitwika cherehani, ile ya kuzungusha kwa mkono, nami nikatembea nyuma yake nimeshika pindo la kitenge chake. Alishona kambini miaka yote tuliyokaa huko. Tuliporudi, cherehani ilirudi vilevile, juu ya kichwa chake. Ada yangu ya sekondari Arua ilitoka kwenye sindano yake. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, mama aliileta kwangu, akaiweka juu ya meza, akasema, "Macho yangu imechoka. Sasa wewe."

Ilikuwa na kasoro moja ambayo mafundi wote walishindwa kuitoa. Ilishona vizuri, kisha ikaruka mshono mmoja, ikaendelea, ikaruka tena. Ukiitazama nguo kwa karibu utaona vijipengo kama vya meno yaliyong'oka. Wateja wetu walizoea. Mimi ningeujua mshono ule hata gizani, kwa kidole.

Sasa sola. Mwanzoni ilikuwa kitu cha misheni na cha zahanati, ya kuendeshea friji la chanjo. Tuliitazama kama tulivyotazama ndege. Halafu wafanyabiashara wakubwa wa Arua wakaanza kuziweka juu ya maduka, na kila aliyeweka alitembea na shingo ndefu. Halafu ikafika kwetu sisi wa kawaida, na mtu aliyeileta alikuwa mtoto wa Koboko. Mtoto wa hapa hapa, aliyekuwa kambi moja na sisi Sudan, akala uji uleule. Alikuwa amefungua duka la sola Arua, na siku za soko la Koboko alikuja na paneli moja, betri moja na taa mbili, akaziwasha mchana kweupe, watu wakajaa.

"Jua hapana leta bili," alisema. "Mutu ya kukata umeme ya jua iko wapi? Iko mbinguni. Wewe nalala, sola nafanya kazi."

"Kama mimi nalala, sola nafanya kazi ya nani?" mwanamke mmoja akamuuliza, watu wakacheka. Naye akacheka. Alijua kucheka na wateja, mwizi yule.

Nami nilikuwa nimeshapiga hesabu yangu. Koboko hatukuwa na umeme wa aina yoyote. Watu waliokuwa na betri za gari, za kusikilizia redio na kupigia kaseti kwenye baa, walizipandisha lori hadi Arua kuchajiwa. Nikiwa na paneli kubwa nitachaji betri za mji mzima, na taa itaniruhusu kushona baada ya kumaliza kazi za nyumbani. Nilikuwa na mtoto mgongoni na mume aliyekuwa akichuuza vitu upande wa Zaire, akija anapokuja. Nilitaka kusimama kwa miguu yangu.

Tatizo lilikuwa bei. Seti ile ilikuwa sawa na mavuno yote ya tumbako ya mtu aliyebahatika. Sikuwa na tumbako. Jamaa akaingia nyumbani, akakubali chai, akatazama huku na huku, macho yake yakatua kwenye meza.

"Dada, hii mashine iko namna gani?"

"Ni ya mama."

"Mimi nachukua hii, nakupa seti yote. Kwa sababu wewe iko dada yangu. Mutu mwingine, hapana."

Nilimuuliza sola ikifika nitashonea nini. Akasema kazi ya kuchaji itaninunulia cherehani mpya ya miguu kabla mtoto hajaanza kutembea. Na mimi, mwenye cheti cha sekondari, niliyefundishwa fizikia mpaka nikachora mzunguko wa umeme ubaoni, nilimwamini kwa sababu alilitamka jina la baba yangu vizuri.

Alikuja kufunga. Akapanda juu na bisibisi, akataka kutoboa bati. Nikamwambia ashuke.

Hapa lazima nieleze, maana wageni hutucheka. Sisi tuliokimbia hatupigilii msumari kitu cha thamani. Mabati yetu wenyewe yalifungwa kwa namna ya kung'oleka upesi. Nyumba nyingi za Koboko zilizokuwa na sola miaka ile, paneli haikukaa juu ya paa. Ililala ndani na watu, asubuhi ikatolewa juani, jioni ikaingizwa kama kuku. Nami nilifanya hivyo. Nyuma ya nyumba yetu kuna mwamba bapa tunaoanikia mihogo. Asubuhi niliianika mihogo, nikaiweka na paneli pembeni yake, waya ukapita dirishani hadi kwenye betri. Majirani walikuja kutazama. Mama mkwe wangu aliuliza, "Hii nayo ikikauka, tunasaga?"

Wiki za kwanza taa iliwaka. Watu wawili watatu wakaniletea betri zao. Kisha taa ikaanza kufifia mapema, kisha ikawaka muda wa kula tu, kisha ikawa rangi ya chungwa na kuzima. Watu wakaja kuchukua betri zao bila kusema kitu, na hilo ndilo liliuma.

Nikapanda gari hadi Arua. Jamaa akanisikiliza akiwa amekunja mikono.

"Uliweka paneli wapi?"

Nikamwambia.

Aligeuka kuwaangalia wateja wake. "Mnasikia? Huyu iko naanika sola na mihogo." Duka zima likacheka. "Dada, vumbi ya muhogo nafunika kioo. Jua hapana ingia. Betri nakufa njaa. Umeua wewe, na sasa unataka nini kwangu?"

Nilirudi nyumbani na aibu hiyo kifuani. Kibaya zaidi, nilimkubali. Unga wa mihogo ulikuwa kweli kwenye kioo, nilikuwa nimeuona. Nikaipangusa paneli kwa maji na kitambaa laini, nikaihamishia upande wa pili wa mwamba, mbali na mihogo, nikakaa kuilinda kama mtoto mgonjwa. Jua likawaka wiki nzima bila wingu. Taa ikawa ileile, inawaka unapokula na kuzima unapoosha sahani.

Basi nikaamua angalau betri yenyewe niisafishe. Nikaloweka kitambaa kwa mafuta ya taa, nikaanza kuifuta. Kitambaa kikawa cheusi. Nikafuta tena, kikazidi. Rangi ilikuwa inatoka. Betri niliyouziwa mpya ilikuwa imepakwa rangi nyeusi kama kiatu cha arusi, na chini ya rangi plastiki ilikuwa kijivu, imechubuka, na ubavuni ilikuwa na alama ya kuchomwa kwa msumari wa moto: nusu mwezi na mstari chini yake.

Alama hiyo kila mtu wa mtaa wetu anaijua. Ni ya mzee jirani yetu mwenye lori. Tangu aibiwe vitu vyake wakati wa vita, anachoma alama kwenye kila alichonacho, tairi, jeki, hata sufuria za wake zake. Nikamwita. Alikuja polepole, akainama, akaipapasa ile alama kama mtu aliyekutana na ndugu.

"Hii iko yangu," akasema. "Ilikufa njia ya Yei, kabla hujaolewa. Niliuza kwa mutu ya vyuma, ayeyushe risasi ya ndani." Akanitazama. "Nani nakuuzia maiti yangu?"

Mtoto alikuwa analia mgongoni na sikumsikia. Nilikuwa nafikiria duka lile likinicheka. Hakuniibia tu. Alinifanya niombe radhi moyoni kwa wizi wake.

Mume wangu alipokuja alisema niache, yule ni mtu wa kwetu, tutakutana naye misibani. Nikamwambia ndiyo hivyo hasa, tutakutana. Kwetu mwanamke aliyedhulumiwa ana kitu kimoja anachoweza kufanya ambacho polisi hawawezi kumzuia. Anakwenda kukaa mlangoni pa aliyemdhulumu, na mtoto wake, na haitikii salamu. Sisi salamu zetu ni ndefu, tunaulizana mpaka mbuzi. Mtu anayekaa mlangoni kwako bila kuitika, kila mpita njia atataka kujua umemfanya nini.

Nikaenda Arua na betri, mtoto, chupa ya mafuta ya taa na matambara. Nikatandika kanga mlangoni pa duka, nikamnyonyesha mtoto. Jamaa akatoka na tabasamu.

"Dada, habari ya Koboko?"

Kimya.

"Mama iko mzima? Mtoto?"

Kimya. Mtu aliyekuwa anapita akasimama. Na mwingine.

Alipoingia mteja wa kwanza, mwalimu mmoja wa upande wa Dadamu, nilisubiri mpaka akaibeba betri yake nje, nikamnyooshea tambara. "Mwalimu, futa kwanza."

Akafuta. Tambara likawa jeusi. Akaitazama betri, akanitazama, akarudi ndani, na yaliyosemwa humo yalisikika mpaka barabarani.

Nilikaa siku ile na soko lililofuata na lililofuata. Nalala kwa rafiki wa shuleni, asubuhi niko mlangoni. Jamaa alijaribu kila kitu. Alinitolea soda, nikaimwaga taratibu mbele ya miguu yake. Alisema nina wazimu wa uzazi. Alisema nimetumwa na wenye maduka mengine. Siku ya mwisho alitoka na betri mpya, ya kweli, ikiwa bado na nailoni.

"Chukua hii, dada. Nenda nyumbani. Imeisha."

Hapo ndipo nilipofungua mdomo kuzungumza naye kwa mara ya kwanza. "Cherehani."

"Nimeuza zamani. Iko Zaire huko."

"Cherehani."

"Mimi nasema hapana iko."

Pale walikuwa wamesimama wanawake wa soko, na mmoja alikuwa amevaa gauni jipya la maua. Mtoto wangu alikuwa anavuta pindo la gauni lile. Nikanyoosha mkono kumtoa, na kidole changu kikapita juu ya mshono. Pengo. Halafu mshono, halafu pengo.

"Mama, hii nguo imeshonwa wapi?"

"Mvara," akasema. "Bibi ya huyu huyu. Mashine yake naruka kidogo lakini bei iko nzuri."

Nilimtazama jamaa. Sijawahi kuona mtu akitafuta kazi ya kufanya na mikono yake kama alivyotafuta yeye.

Nikamwita kijana wa boda ya baiskeli, tukafunga betri nyuma ya kiti, tukaenda Mvara, mtaa wa hapo hapo Arua, mimi nikitembea pembeni. Mke wake alikuwa barazani, tumbo kubwa la miezi ya mwisho, anashona sketi ya shule. Cherehani ya mama ilikuwa imetandikiwa chini yake kitambaa kilichodariziwa, kama kitu cha heshima.

"Karibu, dada," akasema. "Keti."

"Mashine hii ni ya mama yangu."

Aliacha kuzungusha. "Yeye alisema alinunua. Zawadi ya hii mimba." Akashika tumbo. Nikamweleza, kwa maneno machache, na majirani wakiwa uani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Acha nimalize mshono moja tu. Sketi iko ya mutu."

Nikasema hapana. Nikainama nikaukata uzi kwa meno. Sketi ikabaki mapajani mwake na upande mmoja wazi. Nikainua cherehani, na pale ilipokuwa, juu ya meza yake, nikaiweka betri, alama ya nusu mwezi ikimtazama.

Wapo walioniambia mwanamke yule hakuwa na kosa. Najua hakuwa na kosa. Mama yangu pia hakuwa nalo. Nilipokuwa nashuka barazani aliniita, nikadhani sasa tutapigana. Alikuwa amenyoosha kopo dogo la mafuta ya mashine. "Chukua. Bila hii naruka zaidi." Nikachukua. Nilikasirika njia nzima kwa sababu ya kopo lile, na hata sasa nikiitia cherehani mafuta nakasirika.

Cherehani iko mezani pangu. Msimu uliofuata nilipata betri kwa mtu mwingine, baada ya kuifuta mbele yake na kuikwaruza kwa msumari mpaka akanuna. Hilo hakuna aliyetuambia: jua ni bure, lakini betri inakufa kila baada ya muda, na kila ikifa kuna mtu anayeusubiri mfuko wako. Siku hizi mapaa ya Arua yanang'aa sola kila upande, bei imeshuka kidogo, na yule jamaa hajafa njaa. Ana maduka mawili. Lakini nasikia mtu wa Koboko akiingia humo huingia na tambara lenye mafuta ya taa, na yeye huyaita hayo ugonjwa wa Koboko. Vizuri. Uenee.

Paneli yake ninayo. Bado inalala ndani na sisi, asubuhi inatoka, inakaa juu ya mwamba, mihogo upande huu na yenyewe upande ule. Ametuma watu mara kadhaa: cherehani nimeshachukua, basi nirudishe paneli. Nimewajibu, aje mwenyewe. Haikupigiliwa msumari, ni kuinua tu. Aje akae mlangoni kwangu, anisalimie, aniulize habari ya mama, ya mtoto, ya mbuzi. Mimi nitakuwa nashona.