Fulana za Mkutano

Sikumaliza darasa la saba, lakini malori haya matatu ni yangu, nimeyapata kwa jasho langu. Leo alfajiri nilifungua furushi la fulana za chama, na harufu ya kitambaa kipya ikanirudisha utotoni Mngeta, mbele ya televisheni ya dukani.

Mpunga ulikuwa unakomaa. Mama alijua baba yuko shambani, anaamia ndege wasile mpunga. Mara kwenye taarifa ya habari, katika umati wa mgombea, tukamwona baba anacheza, amevaa fulana mpya ya chama.

“Shemeji, mumeo huyo anakata mauno!” mwenye duka akasema. “Ndege kawaachia nani?”

Duka zima likacheka. Mama akanishika mkono, tukatoka.

Asubuhi yake shambani tulikuta masuke yamebaki makapi. Baba alisimama pale tutani, bado amevaa ile fulana.

“Wenye lori walisema tutarudi mapema,” akasema.

Mama aliinama kuokota punje.

Leo, lori la kwanza lilipojaa watu wa kwenda mkutanoni, mkulima mmoja akaniuliza, “Bosi, tutawawahi ndege wa jioni?”

“Mtarudi mapema,” nikamwambia, nikafunga mlango wa bodi.