Bawaba ya Simu ya Antoine

Wanaovuka mpaka kila siku kati ya Uvira na Burundi wanajua taabu ya simu yenye nafasi moja tu ya puce, ile kadi ya laini. Asubuhi mtu anatia puce ya Congo, akifika upande wa pili anaitoa na kutia ya Burundi, jioni anairudisha ya kwanza. Kile kifuniko kidogo cha bati kinachoibana kinafunguliwa na kufungwa mpaka bawaba yake inachoka. Siku inapokatika, simu haioni tena kitu hata uipige makofi. Hapo ndipo watu wanaelekezwa kwa Apolline.

Apolline ana miaka arobaini na tisa. Meza yake iko kando ya barabara ya kwenda Kavimvira, chini ya mwavuli uliochanika, na ubavuni mwake Consolée anauza samaki wadogo, ndagala wakavu. Darasani hajaingia hata siku moja. Alipokuwa mtoto huko Bwegera, baba yake alisema kaka zake wataenda shule na yeye atakwenda kufukuza ndege kwenye mpunga, na akafukuza ndege mpaka alipoolewa.

Kazi ya simu aliipata kwa mumewe, Antoine. Mwanzoni alimshikia taa tu. Siku moja malaria ilimtetemesha Antoine mikono na mteja alikuwa anangoja, basi Apolline akakichukua kibano. Alichomoa uzi mmoja kutoka waya wa breki ya baiskeli, akaukata kwa kikatia kucha, akaupenyeza kwenye masikio mawili ya kile kifuniko, masikio madogo kuliko mbegu ya ufuta. Kifuniko kikainuka, kikashuka, kikasukumwa mbele, kikalia tik. Antoine alicheka mpaka akakohoa.

"Mwanamke huyu! Mikono yako iko na macho."

Tangu siku ile vifuniko vyote vikawa vyake. Miaka kumi na tisa Antoine alipokea wateja na kuandika majina yao, naye Apolline aliinama mezani. Jina lililoandikwa juu ya mlango wa atelye, karakana yao, lilikuwa la Antoine.

Figo ndizo zilizomuua, miaka minne iliyopita. Wiki mbili kabla hajafa, Apolline alimkuta ameketi kitandani, simu mdomoni, anasema peke yake.

"Unaongea na nani?"

"Na weye," Antoine akajibu. "Weye hausomi, Apolline. Nikikuachia barua, muntu atakusomea anavyotaka. Nimeweka maneno yangu kwa sauti, kwenye kadi hii ya ndani, ya kuwekea picha na sauti. Utayasikia mwenyewe, nikisha kwenda."

Hakumuuliza ni maneno gani. Nani angeuliza? Alimpa maji, akamfunika miguu.

Wakati wa matanga daftari ilikuwa ikizunguka, kama ilivyo desturi, ya kuandika majina ya waliolala kwenye msiba, ili siku ya kumaliza matanga washukuriwe mmoja mmoja. Asiyejua kuandika anaweka kidole. Usiku wa tatu Pierre, mdogo wake Antoine, aliileta daftari kwa mjane na kidau cha wino. Apolline, macho yamevimba, aliweka kidole bila hata kuangalia. Ndani ya daftari ile palikuwa na karatasi nyingine.

Mwezi ulipoisha, chefu wa avenyu, mkubwa wa mtaa, aliisoma karatasi ile mbele ya watu: mjane amekubali kwamba atelye, pamoja na nyumba iliyo nyuma yake, ni ya Pierre.

"Antoine mwenyewe alitaka hivi," Pierre alisema.

"Mwongo! Mwizi!" Apolline alipiga kelele mpaka watu wa avenyu nzima wakatoka. "Unamwibia marehemu, halafu unamsingizia!"

Baada ya wiki moja kiti chake kilitupwa nje. Yeye na binti yake Keza wakapanga chumba mtaa wa Songo. Simu ya Antoine nayo, pamoja na koti lake, vilikwenda kwa Pierre kabla Apolline hajayasikia maneno yale, maana ndivyo mdogo wa marehemu anavyopewa. Katika mwezi uleule Pierre aliiangusha kwenye sakafu, kifuniko cha kadi kikavunjika bawaba, na tangu hapo simu ilikuwa ya kupiga na kupokea tu. Mara tatu Apolline alimtuma Keza akaombe kadi ile. Mara tatu Keza alirudishwa mlangoni.

Basi Apolline aliishi na neno moja: maneno ya Antoine yako ndani ya simu, na siku yatakaposikika, karatasi ile itakuwa ya kuwashia moto. Alimwambia Consolée, aliwaambia wanawake wa kanisani. Wengine walichoka kulisikia.

Mwaka huu, siku ya Jumanne, Pierre alitoka kwenye atelye, akavuka barabara mwenyewe.

"Shemeji, salama?"

"Salama ya wapi?"

Pierre alisimama jua likimpiga kichwani. Mama yao, yeye na Antoine, alikuwa amefariki Ijumaa, alisema, na picha moja tu nzuri ya mama iko kwenye kadi ya simu ya Antoine. Alitaka kuichapisha kwenye nguo za matanga. Mafundi wake wawili walijaribu, kifuniko kikakataa, na kadi imekwama ndani.

"Wale mafundi wako wa diplome?" Apolline aliuliza. "Si wakifungue na diplome?"

Consolée alicheka kwa sauti, ndagala mkononi. "Papa Pierre, nenda Bujumbura! Huyu mama hajui kitu, si ndivyo mulisema?"

"Ninakuomba," Pierre alisema. "Ni mama."

Apolline aliipokea simu ile, akaigeuza. Upande wa nyuma palikuwa bado na mkwaruzo wa ufunguo wa mlango wao.

"Rudi saa kumi," alisema.

Pierre alipoondoka, Consolée alisogeza kigoda. "Mungu iko! Ameileta na mikono yake mwenyewe! Fungua, fungua mbiombio."

"Niache. Hii haitaki mbio."

Alitoa betri. Wale mafundi walikuwa wamekikandamiza kifuniko kwa bisibisi, sikio moja lilikuwa limekatika kabisa. Aliukata uzi wa breki, akaupinda ncha yake kuwa sikio jipya, akalinyoosha bati kidogo kidogo kwa ukucha. Jasho lilimwingia machoni, hakulifuta. Akakisukuma kifuniko nyuma, akakiinua, akaitoa kadi na kuisugua vijino vyake vya shaba kwa pindo la kitenge, akailaza tena, akashusha, akasukuma mbele. Tik.

Keza, aliyekuwa amemletea chakula, ndiye aliyetafuta sauti ile ndani ya simu. Apolline aliibana sikioni kwa mikono yote miwili, kwa sababu ya malori.

"Apolline, mke wangu," Antoine alisema. Alikuwa anahema. "Ni minye. Usilie kwanza, unisikilize. Atelye nimempa Pierre, na nyumba. Tumepatana. Weye uko na mikono, lakini hausomi, na muntu yeyote atakuja na karatasi yake akunyang'anye. Afazali ikae kwa ndugu. Kidole chako watakichukua kwa daftari ya matanga, maana ukiulizwa utakataa, ninakujua. Usimkasirikie Pierre, ni minye nilimwonyesha njia hiyo. Ameniapia kwamba utakaa mezani kwako mpaka uzeeke, weye na Keza hamutalala njaa. Nisamehe kama..." Hapo alikohoa, sauti ikakatika.

Consolée alikuwa anamtazama mdomo. "Amesema nini? Amesema ni yako?"

Apolline alirudisha sauti mwanzo akasikiliza tena. Halafu mara ya tatu. Keza alimshika bega, Apolline akauondoa mkono wake.

"Mama Keza, sema basi!"

"Uza ndagala zako, Consolée."

Saa kumi Pierre alikuja. Apolline hakumpa simu. Alimsogezea sikioni, akaishikilia yeye mwenyewe, akamtazama uso wakati kaka yake anasema. Sauti ilipofika mahali pa kiapo, Pierre alifumba macho.

"Nilikuambia," alisema mwishowe, polepole. "Siku ile nilikuambia ni yeye alitaka. Ulinitukana mbele ya avenyu nzima."

"Ulisema. Na kiapo, ulikisema?"

Pierre alijifuta jasho la shingoni.

"Nilikutukana, ukakasirika, ukanifukuza. Minye na mtoto wa ndugu yako. Ulimwapia muntu anayekufa, Pierre."

"Shemeji, turudi basi. Kesho uje. Meza yako iko, hakuna anayeiweza. Nitakupa kiti chako kama Antoine alivyosema."

Miaka minne Apolline alikuwa akiuota mlango ule unafunguka. Sasa ulikuwa wazi, na aliyeufungua alikuwa akimkaribisha kama mgeni, kwa maneno ya mume aliyempanga kama anavyopangwa mtoto au mbuzi. Aliitazama atelye ng'ambo ya barabara. Kila bisibisi iliyokuwa mle ndani aliijua kwa uzito wake.

"Ile jiliwa ndogo na kioo cha kukuzia nilinunua kwa pesa za vifuniko vyangu," alisema. "Nitumie. Kiti weka muntu mwingine."

"Na bei ya kazi?"

"Picha ya mama yenu iko humo. Nenda mukazike." Halafu, alipokuwa anageuka: "Usikifungue ovyo. Unasukuma nyuma kwanza, ndipo unainua."

Consolée aliuza ndagala zake mpaka jioni. Ni Apolline aliyemwambia yote, wakati wa kufunga mwavuli, kwa maneno machache, bila kulia. Kumchukia Pierre kulikuwa kazi nyepesi, kwa sababu upande wa pili alikuwepo Antoine wa kumlilia. Sasa hakujua amweke nani wapi.

Jumapili iliyofuata ilikuwa misa ya kumwombea Antoine, anayoiomba kila mwaka. Kwenye parokia yao padri akisoma jina la marehemu, watu wake wanasimama. Pierre alisimama, na mke wake, na watoto wake, wote na nguo mpya zenye picha ya bibi. Keza alisimama.

"Mama," Keza alinong'ona. "Mama, ni sisi. Simama."

Wanawake wa mabenchi ya mbele waligeuka. Apolline alikuwa ameketi, mikono imelala magotini, ameuangalia ule upande wa ndani wa kidole gumba, kile kilichotiwa wino kwenye matanga. Padri alingoja kidogo, halafu akasoma jina linalofuata.