Kuunga Mkono Ukiwa Umekaa

Juzi nilikuwa ofisi ya serikali ya mtaa huku Temeke, nafuata barua ya utambulisho. Benchi limejaa, mhudumu kaenda kunywa chai, na chai yenyewe haiishi. Mama mmoja akakaza khanga kiunoni, akasimama.

“Jamani, tutakaa hapa mpaka lini? Akirudi tu namwambia.”

Benchi zima likachangamka. “Mwambie, mama.” “Tupo nyuma yako.” Braza mmoja mwenye miwani ya jua akawazidi wote sauti: “Naunga mkono hoja.”

Mhudumu akaingia anajifuta mdomo. “Nani ana shida?”

“Sie,” mama akajibu.

“Sie kina nani?”

Mama akageuka. Wote tulikuwa tunasoma simu, hata mwenye simu iliyozima. Ndipo bibi mmoja akajikongoja kutoka kwenye kona, akasimama ubavuni mwa mama, akaweka kipochi chake juu ya meza.

“Shikamoo, bibi,” mhudumu akasema, akavuta kiti.

“Marahaba.” Hilo ndilo neno pekee alilolitoa, na foleni ikaanza kwenda.

Sie watu wa Dar hatuna choyo cha kuunga mkono. Tunaunga mikutanoni, misibani, kwenye magrupu ya wasap, ilimradi tusiinuke.

Barua mkononi, braza akamfuata mama mlangoni. “Unaona, mama? Tumekuunga mkono, mambo yameenda.”

“Nilikusikia, baba,” mama akasema kwa upole. “Nilipogeuka ndo sikukuona.”