Nyumbani hunisikia, sokoni hanisikii

Asalaam aleikum dada Mwanakombo hapo Mombasa, mama, kaka Shee na watoto wote. Sisi huku Kisimayu wazima, ila masikio ya binti yangu Fatu.

Leo nimempeleka kwa daktari. Mwanamke, alhamdulillahi, nikafunua uso.

Nikamwambia, "Nyumbani hunisikia, sokoni hanisikii. Nadhani ni zile kelele."

"Mama, sokoni huenda na nikabu?"

Naam. Sasa?

"Shusha nikabu yako, umwite."

Nikashusha. "Fatu!"

Mtoto ananikodolea macho tu, angoja niseme.

Nikafunua. "Fatu."

"Labeka mama!" Na kicheko juu.

Jamani! Kumbe husoma midomo yangu!

Daktari asema ataka bingwa wa masikio, na hapa mjini hayupo. Kwenda Mogadishu kwa gari njia yatisha, nauli ya ndege siiwezi. Kuja kwenu sina pasi. Nimekwama kama samaki ndani ya mtego wa dema, naona nje, mlango siuoni.

Niulizieni huko: yuko bingwa wa masikio anayekuja huku, au wa kumtazama kwa simu? Nijibuni leo leo.

Na mkipiga, pigeni ya video. Fatu awaone midomo.