Kambare wa Lambo la Nyikani

Baba yangu alikuwa mvuvi wa trauti, wale samaki wenye madoadoa wanaopenda maji baridi ya mito yetu ya huku juu Kwai, milimani Lushoto. Alivua kwa mwanzi na ndoano aliyoifunga manyoya ya jogoo. Miaka ya karibuni mto umepungua, maana sote tunamwagilia kabichi na karoti, na trauti wametoweka. Mama naye akafariki. Baba akawa mtu wa kushinda barazani, kimya.

Dada yangu aliolewa nyikani, chini ya milima, na Mwislamu. Baba ni mzee wa kanisa. Hakwenda kwenye ndoa, wala hakuwahi kukanyaga kwake. Siku moja dada akanipigia simu.

"Mwambie baba huku kuna lambo. Lilichimbwa kwa ajili ya ng'ombe, sasa limejaa samaki."

Nilimfikishia bila matumaini. Akauliza, "Samaki gani?"

"Perege na kambare."

"Hao samaki wa matope," akasema. Lakini kesho yake asubuhi nilimkuta amevaa koti, mwanzi mkononi.

Tuliposhuka hadi Mombo joto lilimvua koti, halafu sweta. Shemeji alitungojea lamboni, si nyumbani. Nadhani hakuwa na uhakika kama baba angekubali kuingia kwake.

"Shikamoo, baba."

Baba alichelewa kidogo. "Marahaba," akaitikia, macho kwenye maji.

Lambo lilikuwa dogo, maji yake rangi ya chai ya maziwa, miti ya miiba pande zote. Baba alirusha manyoya yake tena na tena. Hakuna samaki aliyeyagusa. Shemeji aliweka tu karibu naye vipande vya maini juu ya jani, akarudi kukaa. Baba aliviangalia weee, mwishowe akachomeka kimoja kwenye ndoano.

Haukupita muda, mwanzi ukapinda.

"Umenasa kwenye kisiki," nikasema.

"Kisiki hakivuti!"

Miguu yake ikaanza kuteleza. Shemeji aliruka, akamkumbatia kiunoni kwa mikono miwili.

"Usimwachie, baba!"

"Wewe ndiye usiniachie mimi!"

Wote wawili wakaketi matopeni pwaa, na kambare akatoka, mrefu kama mkono, sharubu zikicheza. Baba alicheka mpaka akashika mbavu. Sikuwa nimesikia kicheko kile tangu tumzike mama.

Nyumbani, dada alipowaona walivyojaa tope alishika mdomo. Akamwamkia baba, akaleta maji ya kunawa.

"Umekonda," baba akamwambia.

"Nimenenepa, baba. Ni macho yako tu."

Alimpika yule kambare kwa nazi. Tulikula sahani moja, shemeji na baba bega kwa bega.

"Ana mafuta mengi mno," baba akasema. "Trauti hawi hivi." Dada akainamisha kichwa. Baba akasogeza bakuli kwake. "Hebu niongezee mchuzi."

Alasiri nikamkumbusha kwamba gari la kupanda mlimani lingetuacha. Akasema suruali yake haijakauka. Kwenye jua lile la nyikani! Dada aligeuka upande, akajifuta macho kwa pembe ya mtandio, nami nikaaga.

Nilipanda Lushoto peke yangu. Baba alirudi mvua zilipoanza, mweusi kwa jua, akilalamikia mbu na joto, na akiuliza ni lini tena nitamsindikiza.